Kijana wa Utume na Nyumba Inayompokea

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu akiwa na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wengi wao wakasema hapa panatosha, kwetu si mbali na hapa. Msafara ukaishia hapo na kijiji kikaanza. Mwaka uliofuata akaja kukiangalia padri mmoja wa Kiingereza, Chauncy Maples, mwenye umri wa miaka 25. Mwenzake aliyefika naye Zanzibar, William Percival Johnson, alikuwa mdogo zaidi.

Kwa hiyo nchi hii ya Masasi, Lupaso na Newala haikuanza jana kupokea vijana waliotumwa na dini zao. Wabenediktini wa Kijerumani walifungua Lukuledi mwaka 1895, na Ndanda mwaka 1906 baada ya Vita vya Maji Maji kuwavurugia vituo. Mpaka leo vijana wa Kijerumani huja kwenye abasia zao hapa nchini kujitolea, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja, wakisaidia shuleni, hospitalini na kwenye karakana. Tanzania ina pia vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi tunawaita Wamormoni: wawili wawili, shati jeupe, tai, kibandiko cheusi chenye jina kifuani. Upande wa pili wapo watoto wetu wenyewe, wanaotumwa Kenya, Ghana, Afrika Kusini au mbali zaidi.

Makala haya ni ya watu watatu: mwenye nyumba anayebishiwa hodi, kijana mgeni anayebisha, na mzazi wa hapa ambaye mwanawe amepata barua ya kuitwa utumeni. Simshawishi mtu kubadili dini, wala kuibeza dini ya mgeni. Nachukua zaidi mfano wa Wamormoni kwa sababu utaratibu wao umeandikwa na ni mkali kuliko wa wengi, na anayeuelewa huo atawaelewa na wengine.

Hao ni akina nani

Kanisa hili lilianzishwa Marekani na Joseph Smith mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Tanzania ililitambua rasmi mwaka 1992. Kwa miaka mingi wamisionari wake wa hapa waliongozwa kutoka Nairobi, hadi ilipoundwa misheni ya Dar es Salaam mwaka 2020.

Hawa si wachungaji, na hawalipwi mshahara. Mvulana huhudumu miezi 24, msichana miezi 18, kisha wanarudi kwao kusoma, kuoa au kuolewa, na kutafuta kazi kama watu wengine. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa: wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, wasichana wakati huo kutoka 21 hadi 19. Ndiyo maana anayesimama mlangoni kwako na tai shingoni anaweza kuwa amemaliza shule mwaka jana tu, na hajawahi kupika wali peke yake. Na akikuambia ametumwa na askofu wake, usifikirie askofu wa dayosisi. Kwao askofu ni muumini wa kawaida anayeongoza kusanyiko la mtaani, na mchana huenda ni mwalimu au fundi umeme.

Siku yao imepimwa. Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mazoezi ya mwili, sala, kusoma maandiko, kusoma lugha. Kabla ya adhuhuri wako njiani. Kurudi ni mnamo saa tatu usiku, au mapema zaidi pale ambapo njia si salama, na taa huzimwa saa nne na nusu. Siku moja ya juma ni ya kufua, kwenda sokoni na kuwaandikia wazazi. Zamani waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari 2019 wanaweza kupiga kila juma.

Hawachumbii wakiwa kazini, hawalei watoto wa watu, hawakai peke yao na mtu wa jinsia nyingine. Tena hawaruhusiwi kuogelea. Sheria hii ya mwisho huwachekesha vijana wa pwani, lakini Masasi tuna sababu ya kutocheka sana. Maples wetu yule, akiwa askofu wa miezi michache tu, alizama Ziwa Nyasa Septemba 1895 mashua yake ilipopigwa na dhoruba, na kanzu yake nzito ikamvuta chini.

Wakibisha hodi

Jambo la kwanza ni la kiserikali na halina aibu. Kijiji kina mwenyekiti na mtendaji, na mgeni anayekuja kufanya shughuli ya dini kwa siku nyingi anatakiwa ajulikane ofisini. Asiye raia huhitaji kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Wamisionari na wanaojitolea huwekwa daraja C, pamoja na wanafunzi na watafiti. Viza ya utalii haimruhusu mtu kukaa miezi akihubiri. Na dini yenyewe inapaswa kuwa imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kijana aliyetumwa kihalali ameambiwa haya yote kabla hajapanda ndege na hatakasirika akiulizwa. Anayekasirika mpeleke kwa mtendaji bila kelele.

Baada ya hapo ni adabu tu, na hapa wenyeji tunaweza kuwasaidia mno. Chukua suala la chai. Kwetu mgeni asiyekunywa chai ameikataa nyumba. Mmormoni hanywi chai ya majani, hanywi kahawa, hanywi pombe wala havuti tumbaku. Ni agizo la dini yake. Mama anamimina chai ya rangi, kijana anaangalia kikombe, anatazama mwenzake, wote wanakuwa wekundu usoni, na mama anadhani wanaogopa uchafu. Kumbe dawa ni rahisi: tangawizi au mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai wanakunywa, uji wanakunywa, madafu wanakunywa kwa furaha. Msimu wa mabibo ukifika wape mabibo yenyewe, au juisi iliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Uraka, yaani pombe ya mabibo, wasipewe, hata kwa utani. Mwenye nyumba atacheka, na yule kijana atalazimika kumweleza kiongozi wake.

Kwa upande wake, kijana mgeni asiseme tu "sinywi". Aamkie kwanza, apokee kiti, aulize habari za nyumbani na za shamba, ndipo aseme: "Mama, asante, imani yangu hainiruhusu majani ya chai, lakini maji ya moto yenye tangawizi nitakunywa." Hapo amekataa kitu kimoja na kuomba kingine, na nyumba haikukataliwa. Na mzee akipita uani, shikamoo itoke kabla ya jina la kanisa.

Wakifika na kumkuta mama peke yake, wavulana wawili watakaa nje, kibarazani au chini ya mwembe, au wataomba warudi mzee akiwepo. Wasilazimishwe kuingia. Ni sheria yao, na kwa kweli inalingana na heshima ya huku, hasa kwenye nyumba za Waislamu, ambao Masasi na Newala ni wengi. Mwezi wa Ramadhani kijana mwenye busara hatembelei nyumba hizo jioni watu wanapoandaa futari, labda kama amealikwa kufuturu.

Mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na akatae waziwazi. Sisi tuna tabia ya kumwambia mtu "njoo kesho" tukimaanisha "usije tena". Kijana aliyelelewa Idaho au Kumasi haelewi hilo. Ataandika kwenye daftari, na kesho saa tisa alasiri atakuwa mlangoni. Keshokutwa pia. Sema: "Asante, mimi na dini yangu tumeridhika, lakini kaa unywe maji." Amezoea kukataliwa mara nyingi kwa siku kuliko muuza vyombo, na jibu lililonyooka humpunguzia machungu.

Usimwombe ufadhili wala viza. Hana. Anaishi kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi wake na waumini, na hana mamlaka ya kumpeleka mtu popote. Mtu anayejiita mmisionari na kukuahidi nafasi ya masomo Marekani ukitanguliza laki tatu ni tapeli, hata kama kibandiko chake kinang'aa. Lakini ukiwa na kazi ya mikono mwite. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hawa wana saa maalumu za kusaidia jirani, na kupalilia mihogo au kubeba matofali ya jirani anayejenga kutamfundisha mengi kuliko mlango kwa mlango.

Lugha ndiyo viza nyingine

Miaka miwili baada ya kufika Masasi, mwaka 1879, Maples alikuwa amechapisha kitabu kidogo cha sarufi na maneno ya Kimakua. Hakuwa na chuo wala kamusi ya kumtangulia. Alikuwa na majirani waliomvumilia. Kijana wa leo anayetumwa nchi ya Kiswahili hufundishwa kwa wiki chache kabla ya kuja, na anafika akijua kusali na kusalimia, basi. Kiswahili chake cha kweli atakipata kwa wauza dagaa, kwa makondakta na kwa watoto wanaomcheka.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Mwafrika. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani kule Zanzibar na baadaye Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa watu wa mtawala Nakaam. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza kupadrishwa katika misheni ile ya kina Steere na Maples. Alikaa Chitangali na mkewe na watoto hadi mwaka 1897. Kwa damu alikuwa mtu wa kule kule, na bado alifika mgeni: amekulia mjini, amevaa Kizungu, amesoma Uingereza. Aliyoyafanya huko hayakutokana na hotuba. Yalitokana na kukaa. Aliishi na familia yake kati ya watu wale, akazungumza nao kwa lugha yao.

Nalisema hili kwa sababu kijana wetu wa Kitanzania anayetumwa mkoa mwingine mara nyingi hudhani yeye si mgeni, kwa kuwa Kiswahili anacho. Anafika Newala kutoka Moshi, anawakatiza wazee, anacheka ugali wa muhogo, na baada ya wiki mbili analalamika kwamba watu wa kusini ni wagumu. Mzungu walau anajua kwamba hajui.

Maji, shati na homa

Mbuga na vilima vya Masasi vina visima. Juu kwenye nyanda za Makonde mambo ni mengine. Udongo wa kule ni wa kichanga, mvua inazama chini, na hakuna mito juu ya nyanda. Vizazi vya wanawake vimeteremka kwenye miteremko kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde uko tangu miaka ya 1950, na bado kuna siku bomba linakoroma tu. Mgeni anayeoga ndoo nzima asubuhi na nyingine jioni anatumia mgongo wa mtu. Siku ya kwanza aulize dumu la lita 20 linauzwa bei gani na linatoka wapi, kisha aende nalo mwenyewe japo mara moja. Bakuli moja la maji linatosha kunawa uso, na yaliyobaki yaloweke soksi. Mvua zikianza, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, weka mapipa chini ya ukingo wa bati usiku ule ule wa kwanza, baada ya kuacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la paa.

Shati jeupe ni mtihani wa pekee kwenye vumbi jekundu la barabara zetu. Liloweke usiku kwenye maji ya sabuni ya kipande, sugua kola kwanza, lianike juani kwenye kamba, si chini wala juu ya majani. Kisha lipigwe pasi pande zote mbili, hata mishono, hata nguo ya ndani. Hii si kwa ajili ya unadhifu peke yake. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai. Pasi ya mkaa inafaa kabisa. Tikisa majivu nje kabla, maana cheche moja ikidondoka kwenye shati la mikono mirefu umebaki na shati la mikono mifupi.

Malaria haitaki ujana wala imani. Chandarua kila usiku, hata kiangazi. Homa, baridi, kichwa au kutapika: pima siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati, na ukikutwa nayo meza dawa mseto mpaka imalizike, hata kama siku ya pili umeshapata nafuu. Mgeni asiye na kinga anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja, hivyo mwenzake asikubali kusikia "nikilala nitapona". Zahanati ikishindwa kuna Mkomaindo pale Masasi, hospitali ya Newala, na Mtakatifu Benedikto pale Ndanda. Namba za simu na nauli ya bodaboda ya usiku viandikwe ukutani kabla ya mtu kuugua.

Chakula hakina shida kwa anayekubali kujifunza. Ugali wa muhogo, mbaazi, kisamvu cha korosho, ming'oko ikichimbwa. Ukiletewa samaki nchanga, yaani panya wa shambani waliobanikwa, onja kipande. Ukishindwa, sema umeshiba na umsifu mpishi kwa mbaazi. Hakuna atakayekulaumu, ila usikunje uso.

Korosho na jando

Kalenda ya huku ni ya mkorosho. Kuanzia katikati ya mwaka watu wanapulizia salfa, na kuanzia Septemba au Oktoba wanaokota, kukausha na kupeleka kwenye chama cha msingi, halafu wanasubiri mnada wa vyama vikuu vya ushirika, MAMCU au TANECU. Mmisionari anayekuja kuhubiri asubuhi ya kuokota korosho amekosea saa. Aokote nao, mazungumzo yatakuja yenyewe, mikono ikiwa na kazi. Pesa za korosho zinapotoka, ahadi za sadaka zisiombwe siku hiyo. Ada za shule na madeni ya pembejeo vinangoja kwenye foleni hiyo hiyo.

Jando na unyago ni mambo ya wenyewe. Wamisionari wa kwanza waliyaogopa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, alichukua njia nyingine: aliyaingiza ndani ya ibada ya Kikristo badala ya kuyapiga marufuku, na wanazuoni wanabishana mpaka leo kama alifanya vema. Kijana wa miaka 19 hana haja ya kuingia kwenye ubishi huo. Asiulize siri za kumbini, asipige picha wali wakiwa wamefungiwa, na akialikwa sherehe ya kuwatoa, aende na zawadi ndogo na ale pilau.

Wa kwetu wakienda

Sasa upande wa mzazi. Mwana ana miaka 20, amesali, amepata wito, anataka kwenda. Kwa Wamormoni maombi hupitia kwa kiongozi wake wa kusanyiko, pamoja na vipimo vya mwili na meno, na barua ya kuitwa hutoka makao makuu. Hachagui nchi. Anaweza kuandikiwa Kampala, anaweza kuandikiwa Freetown. Kabla ya kwenda kituo chake hupita kituo cha mafunzo, na Afrika vinajulikana cha Accra na cha Johannesburg. Hakuna dalali katika mlolongo huu. Vivyo hivyo kwa mashirika ya Kikatoliki na ya Kianglikana: barua hutoka kwa askofu au mkuu wa shirika, na inathibitika kwa simu moja ya ofisini. Mtu anayemwahidi binti yako utume nchi za Ghuba au Ulaya, anayetaka kushika pasipoti yake na hataki mzazi aongee na kanisa, huyo anauza watu.

Makaratasi yaanze mapema, maana ndiyo huchelewesha wengi. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, kisha pasipoti. Tangu pasipoti za kielektroniki zilipoanza mwaka 2018 ada ya ile ya kawaida imekuwa shilingi 150,000. Jina lililoandikwa kwenye cheti cha ubatizo, cha shule na cha kuzaliwa lilingane herufi kwa herufi. Nimeona Athumani na Othman wakimpotezea mtu mmoja miezi. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi ya njano itunzwe pamoja na pasipoti. Nakala za kila kitu zibaki nyumbani, na nyingine kwenye simu ya ndugu anayejua kusoma.

Kuhusu fedha, msifichane. Kijana wa Marekani tangu Julai 2020 huchangia dola 500 kwa mwezi. Wa kwetu hupangiwa kiasi kidogo kinacholingana na nchi, na mfuko wa kanisa hujazia. Bado kuna jozi mbili za viatu imara, mashati, suruali za kitambaa, sanduku, nauli ya kwenda Dar es Salaam. Mzazi aketi na kiongozi wa kanisa na kuuliza mambo haya kwa sauti: nani analipa matibabu, nani analipa nauli ya kurudi akiugua, akifiwa na mzazi ataambiwa na nani na ataruhusiwa kurudi au la. Swali la msiba ndilo huwaumiza wengi, kwa sababu kwetu mtoto asiyefika mazikoni ana la kujibu ukoo mzima. Lijibiwe mbele ya wajomba na baba wadogo, kabla hajaondoka.

Kisha kuna upweke, ambao hakuna barua inayoutaja. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu. Lugha haitoki, chakula hakijulikani, watu wanafunga milango, na mwenzake aliyepangiwa anakoroma au haongei kabisa. Huwezi kumchagua mwenza wala kumkimbia: mnakula pamoja, mnatembea pamoja, mnasali pamoja, hadi kiongozi awabadilishe. Wengi waliomaliza husema hapo ndipo walipokua, kwa kujifunza kumwambia mtu kosa lake siku hiyo hiyo bila kumtukana, na kuomba radhi kabla ya taa kuzimwa. Ushauri wa vitendo ni mdogo mdogo: kupika chakula cha nyumbani mara moja kwa juma, kuandika daftari, kufanya mazoezi asubuhi hata siku usiyotaka, kujua majina ya majirani watano kabla ya kujua majina ya viongozi.

Mzazi naye ajizuie. Ile simu ya juma isiwe ya kupeleka shida za nyumbani: ng'ombe amekufa, ada ya mdogo wake, mjomba anamdai. Kijana aliye umbali wa kilomita elfu tatu hawezi kulipa deni la mjomba, atalia tu. Lakini msimfiche ugonjwa mkubwa, maana atausikia kwa wengine na hatakuamini tena. Na mkisikia anaongea kwa kifupi wiki tatu mfululizo, halali, hali, au anasema amechoka na kila kitu, pigeni simu kwa kiongozi wake na mtaje neno daktari. Maombi na daktari havigombani.

Wapo wanaorudi kabla ya muda kwa ugonjwa, kwa msongo wa mawazo, au kwa kuona kwamba kazi ile si yao. Huku kwetu huwa gumzo: amefukuzwa, amefanya nini? Baba mwenye busara humpokea stendi, humbebea sanduku, na humwambia aliyeuliza kwamba mtoto amerudi na hilo linatosha. Mvulana aliyekaa miezi saba ugenini ameshaona zaidi ya wengi wanaomcheka kijiweni.

Akirudi

Aliyemaliza hurudi na vitu vitatu vinavyoonekana: lugha mpya, tabia ya kuamka mapema, na suruali iliyopauka. Jambo la kwanza ni afya. Aliyekaa miaka miwili Johannesburg au Utah, kusikokuwa na malaria, amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo utotoni. Alale kwenye chandarua kama mgeni na asingoje homa ya siku mbili kama walivyozoea ndugu zake. Aliyetoka hapa kwenda huko naye, akipata homa ndani ya miezi ya mwanzo, amwambie daktari wa huko kwamba ametoka Mtwara, kwa sababu daktari wa nchi isiyo na malaria haufikirii ugonjwa huo kwanza.

La pili ni kazi. Aombe barua kutoka kwa kiongozi wa misheni inayoeleza alichofanya hasa: kufundisha, kutafsiri, kusimamia wenzake, kutunza hesabu za posho. Mwajiri wa Mtwara mjini haelewi neno utume kwenye wasifu, lakini anaelewa kwamba mtu amefundisha madarasa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa miaka miwili. Mpango wa elimu wa kanisa la Wamormoni kwa mtandao hupokea watu wa hapa kwa ada nafuu, na vyuo vya ufundi vya VETA havibagui dini. Kama alijifunza useremala au umeme kwa kusaidia majirani, apimwe na VETA apate cheti. Ujuzi wa mtaani unatambuliwa huko.

La tatu ni sherehe, na hapa naomba wazazi wapunguze. Kijana amezoea ratiba ya dakika, anafika nyumbani anakuta ngoma, mahema, na shangazi watatu wenye wachumba tayari. Mpeni wiki mbili za kulala, kwenda shambani, na kukaa na mama yake jikoni. Atauliza mwenyewe nani ameolewa.